Bastola ya kwanza ya nyumbani: kabla hujaichagua, jua italala wapi

Kila mtu anayetaka kununua bastola yake ya kwanza anakuja na swali lile lile, ninunue ipi, na hapo hapo anataja majina mawili matatu aliyoyaona kwenye video, anasubiri nimchagulie. Mi namrudishia swali: hiyo bastola italala wapi? Wengi wanashangaa, wengine wanaona nawakwepa, ila kwangu hapo ndo pa kuanzia manake bastola ya nyumbani karibu maisha yake yote inakuwa imelala tu, haifyatuliwi, haibebwi, iko mahali flani ndani ya nyumba ambayo watu wanaishi, watoto wanapekua, wageni wanakuja na kuondoka, kuna siku mtu amelewa na kuna siku mtu amekata tamaa. Mwizi anaweza asije mpaka mwisho wa dunia. Hao wengine wapo leo.

Na hata kabla ya hapo, kama mlango wa nyuma unaachia kwa teke moja na nje ni giza totoro, basi hela ya bastola ingeanzia kwenye komeo na taa. Silaha inakuja mwisho, baada ya kufuli, taa, mbwa kama unapenda mbwa, na simu ambayo haijaisha chaji usiku. Sheria nayo ni ya mwanzo kabisa, kuna nchi huruhusiwi kumiliki bastola hata kidogo, kuna nchi unahitaji kibali, mafunzo na ukaguzi wa mahali pa kuitunzia, na kuna tofauti kubwa sana baina ya nchi na nchi juu ya lini unaruhusiwa kufyatua ukiwa ndani kwako. Hilo ukaulize polisi na wakili wa huko ulipo, usichukue jibu la mtu aliye nchi nyingine, na mi nikiwemo.

Kuna utafiti watu hawapendi nikiutaja lakini nautaja tu. Mwaka 1993 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti uliofanyika Marekani, ukaona kwamba kuwa na bunduki nyumbani kunaendana na hatari ya mtu kuuawa mle mle nyumbani kuwa kama mara 2.7, na wauaji wengi walikuwa ndugu au watu wanaojuana. Mwaka 2014 ukaja mwingine uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ukaona penye bunduki ya kufikika hatari ya mtu kujiua ni kama mara 3. Watu wanabishana kuhusu hizo namba, kipi kimesababisha kipi, sawa, wabishane, ila mi nimesoma hizo na bado siwaambii watu wasinunue, nawaambia kwanza uangalie nani anaishi humo ndani. Kama kuna mtu anapitia kipindi kibaya, ana sonona, anatoka kwenye talaka, amefukuzwa kazi na anakunywa kila siku, au mzee ameanza kusahau watu, sio wakati wa kuingiza bastola, na kama tayari ipo basi itoke, itunzwe nje ya nyumba kwa njia inayoruhusiwa kisheria mpaka mambo yatulie. Mtu aliyeamua kujiua mara nyingi ni uamuzi wa dakika chache tu, akikosa kifaa zile dakika zinapita.

Sasa hiyo sehemu ya kulala. Juu ya kabati sio sehemu. Chini ya godoro sio sehemu, ndani ya kiatu, nyuma ya televisheni, kwenye droo chini ya soksi, zote hizo ni kuficha, na kuficha na kufungia ni vitu viwili tofauti. Mtoto anayajua maficho yote ya nyumba kuliko aliyeficha. Na watu wazima wanajidanganya kwamba triga ni ngumu kwa mtoto mdogo, hebu fikiria mtoto wa miaka 3 au 4 anavyoishika, kidole chake kimoja hakitoshi kwahiyo anaigeuza, anakishika kitako kwa viganja viwili, anaweka madole gumba yote mawili kwenye triga na kusukuma, na akiwa ameishika hivyo mdomo wa bastola unakuwa unamwangalia yeye usoni. Nguvu ya madole gumba mawili inatosha kabisa kufyatua bastola nyingi tu.

Kwa mtu anayetaka silaha ya kujilinda, kinachofaa ni sefu ndogo ya kufungua haraka, ile unayoifunga kwa boliti kwenye ukuta au sakafuni au ndani ya kabati zito, manake sefu isiyofungwa popote ni boksi la kumrahisishia mwizi kubeba. Mi napenda zile za vitufe vya mekanika, vile vinavyobonyezwa kwa mpangilio bila betri wala umeme, unaweza ukafungua gizani kwa kupapasa tu. Za alama za vidole zina wapenzi wengi lakini kidole kikiwa na jasho, maji au kikovu zinagoma, na kuna jambo lingine zito zaidi, mwaka 2023 huko Marekani masefu kama 61,000 ya aina hiyo yalirudishwa kutoka kwa wateja kwa sababu mtu akidhani ameshaweka alama zake kumbe hajaweka, sefu ilikuwa inafunguka kwa kidole cha mtu yeyote, na mtoto wa miaka 12 alifariki kwa bastola iliyotoka kwenye mojawapo. Kwahiyo ukinunua ya kidole, siku hiyo hiyo ikiwa tupu mwite kila aliyemo nyumbani ajaribu kuifungua. Ikikubali kwa asiyehusika, irudishe. Na zile funguo za akiba zinazokuja na sefu, usiziweke kwenye droo iliyo chini ya hiyo hiyo sefu, nimeona hilo zaidi ya mara moja.

Bastola nyingi mpya zinakuja na kamba ya chuma yenye kufuli, unaipitisha kwenye njia ya risasi. Ni nzuri kwa silaha usiyoitegemea kwa haraka, na ni bora mara mia kuliko hamna. Ila kwa ya kujilinda utaanza kuchoka kuifunga na kuifungua, mwisho utaiacha wazi, ndo maana nasisitiza sefu.

Haya, tumeshajua inalala wapi, tuje kwenye kuchagua.

Kuna familia mbili kubwa, rivolva yenye silinda inayozunguka na bastola ya magazini (kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya kitako) ambayo slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachoteleza, inarudi nyuma yenyewe kila ukipiga. Kuna ushauri wa zamani kwamba anayeanza, hasa mwanamke, apewe rivolva ndogo manake ni rahisi. Mi sikubaliani nao kabisa. Rahisi kuelewa ndiyo, unafungua silinda unaona risasi zote kwa macho, haina magazini ya kusahau wala slaidi ya kuvuta. Lakini kuipiga vizuri ndo kazi. Triga yake ukiivuta bila kukoki nyundo (kuirudisha nyuma kwa dole gumba) kwanza ina uzito kama wa kilo 5, ndefu, na bastola yenyewe nyepesi, kwahiyo kidole kikivuta mkono wote unatikisika na shabaha inahama. Zile ndogo kabisa zinabeba risasi 5, mtutu mfupi, na kwa wepesi wake zinarusha teke kali mkononi. Mtu anapiga magazini, samahani silinda mbili, mkono unauma, hataki tena kufanya mazoezi. Rivolva ya ukubwa wa kati, ya chuma, yenye mtutu wa inchi 4 ni kitu kingine kabisa na hiyo naipendekeza bila wasiwasi, hasa kwa mwenye ugonjwa wa viungo asiyeweza kuvuta slaidi.

Hapo ndo watu wanapokosea pa kuchagua: wanadhani bastola ndogo ndo ya anayeanza. Ni kinyume chake. Uzito unakula teke. Bastola ya kulinda nyumba haiendi mfukoni, huna sababu ya kuchukua kibastola cha kuficha, chukua ya ukubwa wa kati au kubwa, mshiko unaojaa kiganja mpaka kidole cha mwisho kinapata pa kukaa, mtutu wa inchi 4 au zaidi kidogo. Glock 19 kwa mfano ina mtutu wa milimita 102 na magazini ya risasi 15, Glock 17 ni ndefu kidogo na inabeba 17, hizo zipo kila mahali na kampuni nyingine zina za kwao za saizi hiyo hiyo, CZ, Smith & Wesson, SIG Sauer, Walther, Beretta. Ukishafika kwenye majina ya namna hii tofauti ya uimara ni ndogo, kinachobaki ni mkono wako. Usinunue kwa sababu ni ya jeshi flani.

Mkono unapimwaje? Hakikisha ni tupu, muuzaji aione tupu na wewe uione tupu, ielekeze sehemu salama. Ishike kwa mkono wako wa kulia au kushoto kulingana na wewe ni nani, kitako kikae katikati ya uwazi wa dole gumba na kidole cha shahada, mtutu uwe kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono wa mbele. Sasa angalia kidole kinafika wapi kwenye triga. Kama ncha ya kidole inagusa triga vizuri ile sehemu ya nyama katikati ya ncha na kiungo cha kwanza, inakufaa. Kama inabidi uizungushe bastola mkononi ndo kidole kifike, ni kubwa kwako, nyingine. Kama kidole kinapitiliza mpaka kiungo cha pili, ni ndogo. Baadhi zinakuja na vipande vya mgongo wa mshiko vya kubadilisha, vidogo kwa vikubwa, hivyo vinasaidia sana kama nyumbani mtatumia wawili wenye mikono tofauti.

Halafu slaidi. Nimekaa pembeni ya wanaojifunza na nimeona wengi wanashindwa kuivuta, wanashika kwa ncha za vidole viwili kama wanabana kipepeo na kuivuta kuelekea kifuani, inagoma, wanasema sina nguvu. Nguvu ipo. Leta bastola karibu na mwili, mdomo wake bado unaangalia mbele kwenye shabaha (sio pembeni kwa jirani, hapa ndo wengi wanapogeuza mtutu bila kujijua), funika sehemu ya nyuma ya slaidi kwa kiganja chote cha mkono wa pili, kisha huu mkono ulioshika kitako ndo usukume mbele kwa nguvu huku wa juu ukizuia. Ni kusukuma zaidi kuliko kuvuta. Ikifika mwisho achia kabisa, usiisindikize kurudi, ukiisindikiza risasi inaingia nusu. Mama mmoja mzee kidogo aliyekuwa ameshakubali kwamba rivolva ndo fungu lake alifanya hivyo, slaidi ikaenda, akacheka kwa sauti. Kama bado inakushinda kuna bastola zimetengenezwa makusudi ziwe na springi laini, Smith & Wesson wana M&P Shield EZ, na ndo maana zipo.

Kaliba sasa, yaani ukubwa wa risasi, mada ya kugombana. Mi nasema 9mm na naendelea na maisha yangu, ila nieleze kwa nini. Tarehe 11 Aprili 1986 maajenti wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili Miami, maajenti wawili wakauawa, na moja ya lawama ikaenda kwenye risasi zao za 9mm kwamba hazikupenya vya kutosha. FBI wakahamia kwenye 10mm, kubwa, yenye nguvu. Maajenti wengi ikawashinda, teke kali, bastola kubwa, ikabidi watengeneze risasi yenye baruti pungufu, na kutoka hapo mwaka 1990 ikaja .40 S&W ambayo ni kama ile ile 10mm iliyopunguzwa ikae kwenye bastola ndogo. Miaka ikapita, risasi zikaboreshwa, na mwaka 2014 kitengo chao cha mafunzo kikaandika wazi kwamba 9mm ya kisasa inafanya kazi ile ile na askari wanapiga haraka na kulenga vizuri zaidi, wakarudi kwenye 9mm. Yaani shirika zima lenye walimu na viwanja limezunguka miaka karibu 30 kurudi pale pale, wewe unayeanza huna haja ya kuzunguka. Ya 9mm pia ndo kaliba ya bastola inayopatikana kwa wingi zaidi, na risasi za bei nafuu maana yake ni mazoezi zaidi.

Kama 9mm inakuumiza kwenye viungo, .380 sio dhambi. Ya .22 ni nzuri mno kwa kujifunzia, teke hamna, ila baruti yake ya kuwashia iko kwenye ukingo wa ganda na inashindwa kuwaka mara nyingi kuliko hizi nyingine, kwahiyo ya kutegemea maisha mi ningeiacha.

Angalizo la haraka: hiyo .380 kwenye maboksi mengine inaandikwa 9mm Kurz au 9mm Short, na kuna 9x18 ya Makarov, na kuna 9x19 ambayo ndo watu wakisema 9mm tu wanamaanisha. Sio kitu kimoja. Soma kilichochongwa kwenye mtutu, soma boksi, vifanane herufi kwa herufi.

Na risasi zenyewe, za mazoezi ni zile ncha ya duara iliyofunikwa shaba, za kujilinda ni zile zenye shimo kwenye ncha ambazo zikigonga zinafunguka. Watu wanadhani za shimo ni ukatili tu, kweli zimepigwa marufuku vitani tangu Azimio la The Hague la 1899, na kuna nchi raia haruhusiwi, uliza. Lakini sababu ya polisi wengi kuzitumia ni kwamba zikifunguka zinapungua kasi na kuna uwezekano mdogo wa kupitiliza na kumpata mwingine nyuma. Mdogo, sio sifuri. Risasi ya bastola ikikosa inatoboa kuta za ndani za jipsamu au mbao moja baada ya nyingine na bado ina uwezo wa kuua, ya aina yoyote ile. Kwahiyo kabla hata hujanunua tembea ndani kwako ujue kila chumba ukuta wake ni wa nini na nyuma yake analala nani. Kama kitanda cha mtoto kiko nyuma ya ukuta unaotazamana na mlango wako wa chumbani, hamisha kitanda.

Kuishika sasa. Zile kanuni nne alizozieneza Jeff Cooper, mwalimu wa silaha wa Marekani, zinajulikana na sizibadilishi: kila bastola ichukulie ina risasi, mdomo wake usipite kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole nje ya triga mpaka umeshalenga na umeshaamua, na ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Ukiziangalia vizuri utaona ili mtu aumie inabidi zivunjwe mbili kwa pamoja, ndo uzuri wake. Kidole kikae juu kabisa kwenye fremu, kimenyooka, sio kwenye pete ya triga kikisubiri, manake ukishtuka au ukijikwaa mkono unajikunja wenyewe.

Kutoa risasi ndo sehemu inayoua watu majumbani kwa sababu ya mpangilio, ngoja niende taratibu. Kwanza magazini itoke. Kwanza. Halafu vuta slaidi kwa nguvu, risasi iliyokuwa chemba (pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kupigwa) itaruka, iache ianguke usiidake, vuta tena na tena, kisha ishikize slaidi ikae wazi nyuma. Angalia ndani ya chemba, angalia palipokuwa na magazini, halafu ingiza ncha ya kidole kidogo uguse chemba, kwenye mwanga hafifu macho yanadanganya. Sasa mtu akigeuza, akavuta slaidi kwanza ndo akatoa magazini, risasi ya kwanza itaruka ataiona, atafurahi, slaidi ikirudi inaingiza nyingine kutoka kwenye magazini, halafu anatoa magazini na ana uhakika kabisa kwamba ni tupu. Amekwisha. Na baadhi ya bastola, Glock ni mfano, huwezi kuifungua kwa ajili ya kusafisha mpaka uvute triga kwanza. Unaona hapo. Hizo habari za alikuwa anasafisha bastola ikafyatuka nyingi ni huu mpangilio uliogeuzwa. Kuna bastola ambazo hazihitaji kuvuta triga kuzifungua, na kwa anayeanza mi naiona hiyo ni sababu halali kabisa ya kuchagua moja na kuacha nyingine.

Nenda uwanjani ukiwa na mwalimu, kodisha aina kadhaa kabla hujanunua kama inawezekana. Vaa vizuizi vya masikio na miwani, mlio wa bastola ya 9mm ni kama desibeli 160 na madhara ya papo kwa papo yanaanzia 140 hivi. Ndani ya chumba ni mbaya zaidi kwahiyo ukiwa kwenye banda la ndani vaa viwili, vya kuziba ndani na vya kufunika juu. Vaa nguo yenye shingo iliyobana. Sio mapambo: maganda yanaruka ya moto, likiingia ndani ya shati mtu anacheza dansi akiwa na bastola mkononi na mdomo wake unazunguka watu wote. Ukiungua, vumilia, kidole nje, weka chini bastola ikiangalia mbele, ndo ujikune. Dole gumba la mkono wa pili lisikae nyuma ya slaidi, likikaa litachanwa mara moja na hutarudia. Ukimaliza nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla hujala na kabla hujambeba mtoto, ile vumbi ina risasi yenyewe, namaanisha ile metali, na inaingia mwilini. Mjamzito asiende kabisa.

Mambo mawili ya sauti. Ukivuta triga ikalia tik tu, uwanjani subiri sekunde 30 ikiangalia mbele ndo uitoe, mara chache baruti huchelewa kuwaka. Ikilia puf, mlio dhaifu usio wa kawaida, SIMAMA, usipige tena hata kama slaidi imeenda vizuri, kuna uwezekano risasi imekwama ndani ya mtutu na ya pili yake inapasua bastola mkononi mwako.

Nyumbani mazoezi ya kupiga tupu yanasaidia kuliko watu wanavyoamini. Risasi zote ziwe chumba kingine, sio mezani, chumba kingine, kagua bastola kwa ule mpangilio, chagua ukuta imara, simamisha sarafu juu ya mtutu karibu na alama ya mbele, vuta triga taratibu. Sarafu ikidondoka ujue kidole chako kinasukuma bastola. Ukimaliza sema kwa sauti nimemaliza, na usirudie hata moja ya mwisho baada ya kurudisha risasi, hiyo moja ya mwisho ndo imetoboa televisheni za watu.

Kitu kingine ambacho hakisemwi: kama kila jioni unaweka risasi chemba na kila asubuhi unaitoa, ni ile ile ya juu inayogongwa kila siku, na polepole kichwa chake kinazama ndani ya ganda. Hiyo inapandisha presha ikipigwa. Ilinganishe na mpya kutoka kwenye boksi, ikionekana fupi usiitumie. Wengine wanakwepa hili kwa kuacha magazini ndani na chemba tupu, nyumbani kwenye sefu naona ni uamuzi mzuri tu, ilimradi umefanya mazoezi ya kuvuta slaidi gizani.

Taa. Ukiwa na bastola na huna taa huna kitu, manake ile kanuni ya nne hutaiweza, na yule mtu jikoni saa nane usiku mara nyingi ni mtu wenu aliyeamka na njaa au kijana aliyerudi kimya kimya. Mi napendelea tochi ya mkononi iliyo tofauti na bastola, kwa sababu ya kwenye bastola kila unachomulika unakuwa umekielekezea mtutu. Na kabla ya tochi, sauti. Ita jina. Uliza nani.

Mpango wenyewe uwe mfupi ili uukumbuke ukiwa umetoka usingizini: watu wote chumba kimoja, mlango umefungwa, simu polisi, wewe nyuma ya kitanda unaangalia mlango. Usitoke kwenda kumtafuta, televisheni achukue. Mwambie polisi kwenye simu kwamba una silaha, uko chumba gani, umevaa nini, na usikate simu. Wakikwambia wamefika, bastola irudi kwenye sefu kama muda upo, kama haupo iweke chini mbali na wewe, fungua mlango kwa mikono mitupu inayoonekana, manake wale wanaoingia hawajui kati yenu nani mwenye nyumba.